Zimwi Lililovaa Mawimbi

Saluni ya Mama Mawimbi haikuwa na tangazo zaidi ya kichwa cha mwenyewe. Kibao kilikuwepo, ndiyo, kimechorwa mwanamke mwenye shingo ndefu kuliko mahitaji yake, lakini hakuna aliyekitazama. Watu walimtazama Mama Mawimbi. Nywele zake zilishuka kutoka utosini mpaka mabegani kwa mawimbi meusi mazito, zikacheza alipocheka, zikatulia alipotulia, na mwanamke aliyeingia kusuka mistari tu alitoka na mistari na kichupa cha mafuta. Mafuta hayo Mama Mawimbi aliyapika mwenyewe jikoni. Aliyeuliza kama kweli yanaotesha nywele hakujibiwa kwa mdomo. Aligeuziwa kichwa upande wa dirishani, mawimbi yakapata mwanga, na maswali yakaishia hapo.

Sasa tuseme ukweli mapema, maana ukichelewa mengine hayataeleweka. Mawimbi yale yalikuwa wigi. Chini ya wigi hapakuwa na kitu, hata unyoya wa kusingizia. Nywele zake zilianza kutoka pembeni, kwenye paji, kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa mpaka macho yakavutika. Ikafuata dawa ya kulainisha, ikafuata dawa ya kutibu ile dawa, na mwisho zikaondoka zote bila kuaga. Mwanamke mwingine angefunga kitambaa na kuuza vitumbua. Yeye alikuwa msusi, kazi nyingine haijui na haitaki, na nani atampa kichwa chake msusi ambaye cha kwake kimemshinda? Akatafuta wigi zuri kuliko yote, akalikata na kulichana mpaka likakubali kuwa lake, akafungua saluni katika mtaa ambao hakuna aliyemjua.

Mumewe alikuwa amekwisha fariki kabla ya saluni kufunguliwa, Mungu amrehemu, akazikwa akiamini ameoa mwanamke mwenye nywele. Aliyebaki naye ni dada wa marehemu, ambaye msiba ulipokwisha alikataa kurudi kwao, akashika kitana na kuanza kazi. Mama Mawimbi alimwita Wifi, na mtaa mzima ukamwita Wifi, hata wanaume, ambao kwa hesabu yoyote ya ukoo hawawezi kuwa na wifi. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Habari ikiingia saluni kwa Wifi asubuhi, mchana ilikuwa imekwisha kula na kunywa katika kila nyumba. Kwa ajili ya mdomo huo Mama Mawimbi alimficha siri yake kuliko alivyowaficha wengine wote. Alijifungia kuoga, alijifungia kulala, na wigi alilifua kwa kuibia na kulianika katika stoo ya uani, ambayo ufunguo wake haukuachana na pindo la nguo yake.

Katika stoo hiyo ndimo lilimokaa gunia la nywele. Kila kilichofagiliwa saluni kilitiwa humo mbele ya macho ya mteja, maana hakuna mwanamke anayependa nywele zake zizagae ovyo, na mwisho wa wiki gunia lilichomwa moto.

Basi mtaa huo ulikuwa na mbweha wake. Jua likianza kushuka alitokea kwenye korongo nyuma ya nyumba za mwisho, akapita pipa moja la taka baada ya jingine, ananusa, anainua mguu mmoja wa mbele, anasimama kama mtu anayesoma kitu, kisha anaendelea. Walimwita Mkaguzi. Alikuwa mnyama wa kupendeza, mgongo mweusi, mbavu za rangi ya dhahabu, mkia mnene, na pengo katika sikio la kushoto lililotokana na ugomvi na mbwa wa mtu. Muuza nyama alimtupia mfupa kila jioni. Mkaguzi alikuwa na adabu zake: hakuula hapohapo. Aliudaka, akazunguka mara moja pale aliposimama, ndipo akaondoka nao taratibu. Muuza nyama alisema kuna wateja wa kibinadamu wasio na nusu ya ustaarabu huo.

Kisha Mkaguzi akaacha kuja. Na lilipopita juma hivi, zimwi likaanza.

Aliyeliona kwanza ni Fundi Saa. Kibanda chake kilikuwa mkabala na saluni, na tangu watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, yeye ndiye aliyekuwa na muda mwingi kuliko mtu yeyote mtaani. Alisema lilipita ukutani kumekucha: la kijivu, ngozi tupu yenye mikunjo, mkia kama mjeledi, masikio makubwa kupita kichwa, meno nje. Siku ya kwanza lilikuwa na ukubwa wa mbwa. Baada ya siku chache lilikuwa na ukubwa wa ndama, na lilikuwa limemtazama kwa namna ya kumjua. Fundi Saa akakumbuka kwamba marehemu bibi yake aliwahi kumsimulia habari za zimwi la namna hiyo hiyo, lisilo na nywele, linalowaonea wivu wenye nazo, na kuzila. Jinsi alivyozidi kuulizwa ndivyo bibi yake alivyozidi kukumbuka.

Wapo waliocheka. Lakini mapande ya nywele yakaonekana chini ya ukuta wa saluni, yametapakaa mpaka njiani, na kicheko kikapungua. Mtu mwingine akaliona likinywa maji mtaroni, akatupa ndoo akakimbia. Ikaamuliwa pia kwamba Mkaguzi hakuhama wala hakuugua, bali ameliwa na zimwi, jambo lililomuuma sana muuza nyama, ambaye aliendelea kuweka mfupa pembeni kila jioni kwa mazoea na kuurudisha ndani kwa huzuni.

Hasara ikaangukia saluni. Ikiwa zimwi linafuata nywele, nani atakwenda kukaa mahali penye gunia zima? Wateja wakaanza kuahirisha. Mmoja alisema kichwa kinamuuma, mwingine anasafiri, mwingine akajifunga kitambaa na kupita upande wa pili wa njia kama aliyeacha kuwajua. Viti vikabaki vitupu, na Wifi, kwa kukosa wa kuzungumza naye, akawa anazungumza na drai ya kukaushia nywele.

Asubuhi moja, jua limekwisha chomoza na Wifi ametumwa sokoni, Mama Mawimbi aliingia stoo kichwa kitupu kwenda kuanika wigi lake. Alilivika kwenye kichwa cha mbao, akageuka kutafuta kitana, na gunia likapumua.

Tuseme tena: gunia likapumua. Yeye akaacha kupumua. Ndani ya gunia, katikati ya nywele za mtaa mzima, alikuwa amejikunja kiumbe wa ngozi ya kijivu iliyopasukapasuka, mbavu nje, macho mekundu. Akainua kichwa. Masikio yalikuwa makubwa kweli, hapo Fundi Saa hakutia chumvi. Mama Mawimbi alifungua mdomo apige ukelele, na ukelele ukakwama, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

Kiumbe yule alisimama. Akainua mguu mmoja wa mbele, akautuliza hewani, akamtazama kama anayesoma kitu. Na alichokuwa akisoma kilikuwa kichwa chake.

"Mkaguzi," alisema Mama Mawimbi kwa sauti ndogo.

Wakatazamana hivyo, wote wawili bila unyoya, wala hakuna aliyemkimbia mwenzake. Kisha mbweha akajikuna, kujikuna kule kwa aliyekesha anajikuna, akazama tena ndani ya gunia mpaka puani. Mama Mawimbi akaelewa kwamba anasikia baridi. Ugonjwa umemnyang'anya manyoya, naye amekuja kulala pale zilipo nywele. Akamwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga, na pamoja na huruma hiyo akaona haya, maana na yeye alikuwa amefanya vilevile: alikosa nywele zake, akaja kujificha ndani ya nywele za wengine.

Chini ya ukuta wa nyuma, pale bati lilipoachana na udongo, palikuwa na tundu. Alichukua tofali ili alizibe. Alilishika kwa muda, akalirudisha lilipokuwa. Jioni alinunua utumbo kidogo kwa muuza nyama, akauacha ndani ya kopo kando ya gunia. Kesho yake kopo lilikuwa jeupe kama lililooshwa. Na mwisho wa wiki ulipofika, gunia halikuchomwa.

Alijaribu kuwaambia watu. Alisema yule si zimwi, ni Mkaguzi aliyenyonyoka kwa ugonjwa, na amemwona kwa macho yake. Muuza nyama aliudhika kabisa. Alisema Mkaguzi anamjua yeye, alikuwa mnyama mzuri wa kutazamika, na kumfananisha na kile kitu ni kumvunjia marehemu heshima. Fundi Saa akauliza, kwa upole wa mtu anayejua ameshinda, Mama Mawimbi angewezaje kumtambua mbweha asiye na manyoya? Kiumbe ukikiondolea nywele zote, si kimekwisha kuwa kiumbe kingine?

Hakuna mtu duniani aliyekuwa na jibu la swali hilo kumshinda Mama Mawimbi. Akashika fagio, akafagia sakafu ambayo hapakuwa na nywele hata moja.

Ikafika Jumamosi iliyokuwa na harusi mtaani. Harusi haina mchezo, zimwi au hakuna zimwi, na wanawake wakarudi saluni wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka awe wa kwanza. Kwa bahati mbaya jana yake kulikuwa na mawingu na wigi lilikataa kukauka, na lile la akiba lilikuwa limeungua kwenye drai. Mama Mawimbi akamwambia Wifi kichwa kinamwanga, aanze na wateja, yeye atajilaza kidogo. Akajifungia chumbani, akawa anachungulia jua kupitia dirisha la uani na kuliomba liongeze bidii. Wigi lilikuwa stoo kwenye kichwa chake cha mbao. Aliloshindwa kufikiri ni kwamba mikono iliyolifua ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imetoka kukata utumbo.

Mkaguzi alinusa. Mkaguzi ni mkaguzi, hawezi kupita kitu bila kukikagua. Akaingiza pua, akaingiza na kichwa, na alipotaka kukitoa, wavu wa wigi ukawa umekwisha kaza nyuma ya masikio. Kichwa cha mbao kikaanguka kwa kishindo, mbweha akaruka, akapenya tunduni, akakatiza uani, akatokea barabarani mchana kweupe: ngozi ya kijivu, mkia kama mjeledi, na kichwani mawimbi meusi mazito yanayocheza kila anapokanyaga.

Fundi Saa aliinua macho kutoka kwenye saa. Kwa mara ya kwanza tangu lilipoanza jambo hili hakuwa na cha kuongeza.

Zogo lililofuata lilisikika mpaka sokoni. Wanawake walimwagika nje ya saluni, mmoja amesukwa nusu kichwa na nusu imesimama wima, mwingine na vibano, mwingine amejaa povu mpaka kwenye nyusi. Wifi akatoka nyuma yao na kitana mkononi. Akaliona lile lililokuwa likizunguka katikati ya njia, akaziona zile nywele, na akanyamaza. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikowatisha.

"Hizo nywele ni za wifi yangu," alisema mwisho. "Limemla."

Sasa mtu akiambiwa zimwi limemla msusi wake siku ya harusi, hangoji ushahidi. Watu wakaokota walichoweza kuokota: mchi, mwiko, nondo ya kufungia mlango, kiti. Muuza nyama akaja na kisu chake kirefu huku analia, maana sasa alikuwa na wafu wawili wa kulipizia. Wakamkimbiza mnyama, ambaye nusu haoni kwa mawimbi, wakambana kwenye pembe kati ya ukuta wa bucha na mkokoteni. Akakaa pale anatetemeka, ameonyesha meno machache aliyobakiwa nayo.

Chumbani, Mama Mawimbi alikuwa amesikia yote, pamoja na habari za kifo chake. Akajitwisha taulo kichwani, akalifunga vizuri, akatoka mbio.

Umati ulipomwona ulishusha pumzi kwa pamoja. Muuza nyama akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Fundi Saa, ambaye ulimi wake ulikuwa umemrudia, akauliza: kama Mama Mawimbi hakuliwa, basi zile nywele za nani? Watu wote wakamtazama mnyama, wakalitazama taulo, na swali likaanza kuelekea mahali pabaya.

Wifi aliruka kabla halijafika. Akamkumbatia wifi yake, akalibana taulo kwa mikono miwili, akatangaza kwamba zimwi limemnyonyoa akiwa hai. Limemvamia kitandani na kuzing'oa zote, maskini ya Mungu, tazameni anavyotetemeka, ngozi itakuwa inamuuma, asiguswe, taulo lisitolewe. Wanawake wakapiga mikono vifuani. Mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema nywele kama zile hazitapatikana tena.

Mama Mawimbi alisimama ndani ya mikono ya Wifi, na maneno yale yakamwingia polepole. Njia ilikuwa imefunguka mbele yake, pana na safi. Hakuna haja ya wigi tena. Hakuna kujifungia, hakuna kulala na roho mkononi. Alikuwa na nywele nzuri kuliko zote, zimwi likazing'oa, mtaa mzima shahidi. Angehurumiwa mpaka kufa kwake. Hata mafuta yangeendelea kuuzika. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kwa muda mfupi, mpaka nondo ishuke.

Nondo ilikwisha inuliwa. Aliyeishika alikuwa ndugu wa bwana harusi, kijana wa nguvu. Mkaguzi, kwa mazoea au kwa kuchoka, aliinua mguu mmoja wa mbele na kuutuliza hewani.

"Acha," alisema Mama Mawimbi. "Hakuninyonyoa mtu. Hizo nywele nilinunua."

Wifi alimbana zaidi, akamnong'oneza anyamaze. Mama Mawimbi akaiondoa mikono yake taratibu, mmoja kwanza, kisha wa pili, akalivuta taulo.

Upepo ulimpita utosini, na akagundua kwamba alikuwa amesahau upepo wa nje ulivyo. Fundi Saa, bila kujijua, alikuwa ameibana jichoni ile lenzi yake ya kutazamia saa. Nyuma ya umati alifika shangazi wa bibi harusi, anatweta, amechelewa, akajipenyeza mpaka mbele, akamtazama Mama Mawimbi juu mpaka chini.

"Na huyu ni nani?" aliuliza. "Mama Mawimbi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, shangazi."

Shangazi akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayefanyiwa mzaha na mgeni.

"Ndiye mimi," alirudia Mama Mawimbi. "Mwezi uliopita tu umekaa kwenye kiti changu kutwa nzima. Umenihadithia habari za mkweo mpaka tukalia wote wawili. Tumegusana kwa karibu hivyo, na leo hunijui, nimetoa nywele tu. Sasa huyo mnyama, mnayemwona kwa mbali anakimbia, mtamjuaje?"

Akamgeukia muuza nyama, akamwomba alete mfupa, amtupie kama anavyomtupia Mkaguzi. Muuza nyama alisita. Alifuta macho kwa mkono wenye kisu, jambo lililowatia watu wasiwasi, akaingia ndani, akatoka na mfupa. Akautupa chini chini, kwa mtupo wake wa kila siku.

Mnyama aliudaka. Hakuutafuna. Alizunguka mara moja pale aliposimama, wigi likizunguka naye, kisha akatazama apite wapi.

"Mkaguzi," alisema muuza nyama. "Jamani, baba. Umekuwaje?"

Kijana akashusha nondo. Umati ukafungua njia, na mbweha akapita katikati yao taratibu, mfupa mdomoni, mpaka kwenye kona, ambako wigi lilinasa kwenye msumari wa ukutani likambanduka kichwani. Akaliacha likining'inia. Hakugeuka nyuma.

Walibaki na Mama Mawimbi. Alijua sasa ni zamu yake, akasubiri, taulo mkononi. Muuza nyama ndiye aliyesogea kwanza. Alivua kofia yake, ile ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo, na kumbe chini yake palikuwa panang'aa.

"Na yale mafuta?" aliuliza kwa unyonge. "Mke wangu ananinunulia. Napaka asubuhi na jioni."

Mama Mawimbi alimtazama kichwani kwa jicho la kazi. Aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto.

"Yanalainisha ngozi," alisema. "Zaidi ya hapo nilikuwa nawadanganya. Mnisamehe."

"Ngozi ni laini kweli," alikubali muuza nyama, akajipapasa, na ndipo mtu wa kwanza akacheka. Si wote waliocheka. Wapo waliochukua mikoba yao hapohapo, pamoja na yule mwenye povu, aliyekwenda kuoshwa nywele kwa jirani na hakurudi. Lakini aliyesukwa nusu kichwa hakuwa na pa kwenda, akarudi kitini, na Mama Mawimbi akaingia akammalizia, kichwa chake kikiwa wazi, mbele ya kioo chake mwenyewe.

Daktari wa mifugo alipoitwa alisema ni upele tu, unaletwa na wadudu wasioonekana kwa macho, mbweha huupata, mbwa pia, na umewafanya watu wa sehemu nyingi kupiga mayowe bure. Akatoa dawa ya kufichwa ndani ya nyama, akakataza mtu yeyote kumshika mnyama, na akaagiza gunia na wigi vichomwe. Mama Mawimbi alisimama kando ya moto huo mpaka mwisho. Hakulia. Ila alisema lilikuwa wigi zuri, na Wifi akaitikia kwamba lilikuwa zuri sana.

Kwa majuma mengi kazi ilikuwa haba. Kisha wakaanza kuja wanawake wa aina nyingine, wanaofika saluni inapokaribia kufungwa, wanaouliza kama mlango unaweza kurudishwa, halafu wanafungua vilemba na kuonyesha pembeni palipokwisha, katikati palipokwisha. Hao hawakuwa na pa kuonyesha kabla. Mama Mawimbi aliwashika vichwa, akawaambia lipi linatibika na lipi halitibiki, na kwa lisilotibika akawatafutia wigi na kuwafundisha kulikata mpaka likubali kuwa lao. Hakuwaficha kitu.

Manyoya ya Mkaguzi yakaota, kwanza kama vumbi mgongoni, kisha ya dhahabu, kisha mkia mzima. Alirudi kwenye mapipa yake jua likishuka, na mtaa ukampokea kama aliyetoka safari ndefu. Kwa Fundi Saa hilo lilikuwa na maelezo rahisi: Mkaguzi aliponyoka mikononi mwa zimwi, na zimwi lenyewe limehamia mtaa wa pili. Wengine wakasema Mama Mawimbi alimpaka mbweha mafuta yake. Alikana, akawataja daktari na dawa. Wakakonyezana, wakanunua vichupa viwili viwili.

Jambo moja tu halikuzungumzwa. Wifi, ambaye hakuwahi kuacha habari ilale njaa, hakuwa amesema neno lolote juu ya siku ile. Mama Mawimbi alingoja, na jioni moja, viti vimepanguswa na sakafu imefagiliwa, akaona atangulie mwenyewe.

"Wifi, ulijua."

Wifi alikuwa anapanga vitana. Akaendelea kuvipanga.

"Tangu mwaka ule wa kwanza," alisema. "Uliugua homa, ukasahau kufunga mlango, ukalala fofofo, wigi likaanguka. Nikakurudishia."

Mama Mawimbi alifikiria miaka yote hiyo ya kujifungia, ya ufunguo kwenye pindo la nguo, na huyu mwanamke wa mdomo mwepesi upande wa pili wa mlango, amenyamaza.

"Na siku ile ukawaambia nimeliwa."

"Niliona nywele zako barabarani. Ilibidi niseme kitu haraka." Wifi aliinamisha uso. "Nilifikiri utaona afadhali wajue umekufa kuliko wajue huna nywele."

Mama Mawimbi alitaka kucheka, na kicheko kikatoka kimelowana. "Ulifikiri sawasawa," alisema. "Siku ile asubuhi, ningekushukuru."

Nje, Mkaguzi alipita mbele ya mlango uliokuwa wazi. Alisimama kwenye kizingiti, akainua mguu, akamtazama Mama Mawimbi na kichwa chake kitupu, akaona yuko kama alivyomwacha, akaendelea na mapipa.

Wifi alichukua kichupa cha mafuta kutoka kwenye rafu, akavuta kiti cha wateja, akakigonga kidogo kwa kiganja kama anavyowafanyia wanaoona aibu kukaa. Mama Mawimbi akakaa. Kwa miaka alikuwa ameshika vichwa vya mtaa mzima, na chake hakuna aliyekigusa. Mikono ya Wifi ilikuwa ya moto na mafuta yalinukia vizuri. Alifumba macho ili aseme ahsante, na kabla hajasema, usingizi ukamchukua.